Vitamini D: soma kizio kabla ya kusoma namba

Karatasi ya majibu kutoka maabara imeandikwa 28. Je, huo ni upungufu, au mambo yako sawa? Swali hilo halijibiki mpaka usogeze macho kidogo kulia, kwenye herufi ndogo zinazofuata namba, yaani kizio cha kipimo. Kama zinasomeka ng/mL, basi 28 ni kiwango ambacho madaktari wengi wataridhika nacho. Kama zinasomeka nmol/L, namba hiyo hiyo ni kama 11 ng/mL, na huo ni upungufu unaohitaji dawa. Hesabu yake ni nyepesi: ng/mL ukiizidisha kwa 2.5 unapata nmol/L, na ukitaka kurudi nyuma unagawanya kwa 2.5. Anayepiga picha ya majibu yake na kumtumia ndugu, huku pembeni pamekatika, amekata sehemu muhimu kuliko zote.

Upande wa dawa kuna mtego wa aina hiyo hiyo. Chupa moja imeandikwa yuniti za kimataifa, yaani IU, nyingine mikrogramu. Mikrogramu 1 ni IU 40. Kwa hiyo mikrogramu 10 ni IU 400, mikrogramu 25 ni IU 1,000, na kapsuli iliyoandikwa miligramu 1.25 ni IU 50,000. Hiyo ya mwisho huwapotosha watu kwa sababu inaonekana ndogo. Ukisoma lebo, tafuta vilevile kama kiasi kilichotajwa ni cha kidonge kimoja au cha viwili, maana baadhi ya watengenezaji huhesabu "huduma moja" kuwa vidonge viwili.

Tuje kwenye kipimo chenyewe. Vitamini D inayotengenezwa na ngozi kwa jua, au inayoingia kwa chakula na vidonge, hupitia ini kwanza. Ini huigeuza kuwa 25-haidroksi vitamini D, ambayo maabara huiandika 25(OH)D. Hii ndiyo akiba inayozunguka kwenye damu, na ndiyo inayopaswa kupimwa. Baadaye figo huichukua na kutengeneza umbo lenye nguvu, 1,25-dihaidroksi, ambalo ndilo homoni hasa. Watu wengi husikia kwamba hilo la pili ndilo linalofanya kazi mwilini, wakaomba lipimwe. Ni kosa, tena kosa la gharama. Akiba inapopungua, homoni ya parathairoidi, ile ya tezi ndogo za shingoni inayosimamia kalsiamu, hupanda na kuzisukuma figo zitengeneze umbo hilo kwa bidii zaidi, kwa hiyo mtu mwenye upungufu mkubwa anaweza kupata majibu ya kawaida au hata ya juu. Anarudi nyumbani ameambiwa yuko salama, na mifupa yake inaendelea kulainika. Kipimo hicho kina kazi yake kwenye magonjwa ya figo na kwenye kalsiamu iliyopanda bila sababu ya wazi, si katika kutafuta upungufu wa kawaida.

Kiwango kizuri ni kipi? Hapa wataalamu wamevutana kwa miaka mingi. Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2011, ilisema 20 ng/mL inawatosha karibu watu wote kwa afya ya mifupa, na chini ya 12 ndipo hatari ya upungufu huanza. Mwaka huo huo chama cha madaktari wa homoni cha nchi hiyo kiliweka lengo la 30. Mwaka 2024 chama hicho kiliacha kuidhinisha lengo la 30, na kikashauri watu wazima wenye afya wasipimwe kama desturi. Mimi naona huo ni uamuzi mzuri. Aliye na 24 na hana tatizo lolote la mifupa hana sababu ya kukosa usingizi. Aliye na 9 na maumivu ya nyonga, mapaja yanayomlegea anapoinuka kwenye kiti, na mbavu zinazouma zikibonyezwa, huyo asingoje.

Kupima kuna maana kwa mwenye dalili za mifupa kulainika, mtoto mwenye matege, aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, mwenye ugonjwa wa ini, figo au utumbo usiofyonza mafuta, aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na anayetumia kwa muda mrefu dawa zinazomaliza vitamini D haraka, kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni za kifafa, na rifampisini ya kifua kikuu. Wengine wanaweza kutumia dozi ndogo ya kila siku bila kupima kabisa.

Dozi hiyo ndogo ni IU 600 kwa siku kwa mwenye umri wa mwaka 1 hadi 70, na 800 kwa aliyezidi 70. Uingereza hushauri 400. Kikomo cha juu kwa mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni 4,000 kwa siku. Kikomo maana yake ni mwisho wa barabara, si mahali pa kulenga, ingawa wapo wanaokunywa 10,000 kila siku wakiamini zaidi ni bora. Utafiti wa Calgary, Kanada, uliotoka mwaka 2019, ulilinganisha 400, 4,000 na 10,000 kwa miaka mitatu. Dozi kubwa hazikuimarisha mifupa. Waliotumia 10,000 walikuwa na msongamano mdogo wa mfupa kuliko waliotumia 400.

Mwenye upungufu hasa hupewa dozi ya kujaza ghala kwanza. Utaratibu unaojulikana sana ni IU 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8, halafu dozi ya kudumisha ya kila siku, mara nyingi kati ya 800 na 2,000. Kosa linalojirudia hapa ni mgonjwa kuzoea kwamba dawa hunywewa kila siku, basi naye anaimeza kapsuli ya wiki kila asubuhi. Kwa siku 7 amefikisha 350,000, karibu jumla ya matibabu yote. Kwa hiyo mhudumu anayetoa dawa hii afanye kitu kimoja: aandike jina la siku kwenye pakiti. "Jumatatu" inaeleweka kuliko "mara 1 kwa wiki", na ukikuta Alhamisi pakiti imepungua unajua kuna tatizo.

Wazo la kumaliza yote kwa mkupuo mmoja mkubwa linavutia, lakini lina historia mbaya. Australia walijaribu kuwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi IU 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha walioipata walianguka na kuvunjika zaidi kuliko waliopewa dawa bandia isiyo na vitamini ndani. Kidogo kidogo kila siku, au kila wiki, ndiyo njia.

Vidonge huja kwa maumbo mawili ya vitamini hii, D2 na D3. Chagua D3 badala ya D2 kama zote zipo, kwa sababu D3 hupandisha kiwango zaidi na hukaa muda mrefu zaidi. Imeze pamoja na mlo wenye mafuta, ule mkubwa wa siku. Anayeimeza alfajiri na chai ya rangi tupu hupoteza sehemu ya dawa bure. Ukitaka kukadiria kiwango kitapanda kiasi gani, kila IU 100 za kila siku huongeza takriban 1 ng/mL au pungufu kidogo, kwa hiyo IU 1,000 zinaweza kumtoa mtu kwenye 12 hadi karibu na 20. Mwenye unene mkubwa huhitaji mara mbili au tatu ya hapo, kwa kuwa vitamini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili.

Usirudie kipimo baada ya wiki mbili. 25(OH)D hupungua kwa nusu katika wiki 2 hadi 3 hivi, na kiwango hutulia baada ya miezi 3. Ukipima mapema utaona namba iliyo bado njiani, utaongeza dozi bila sababu. Rudi maabara ile ile ikiwezekana, kwa maana mashine tofauti zinaweza kutofautiana kwenye sampuli moja, na baadhi ya vipimo vinavyotumia kingamwili kunasa vitamini huisoma D2 pungufu. Huna haja ya kufunga kula. Ila acha vidonge vya biotini, vile vya nywele na kucha, siku kadhaa kabla, na umwambie mtoa sampuli kama ulikuwa unavitumia. Kwenye mashine zinazotegemea biotini katika upimaji wake, dawa hiyo hupandisha majibu kwa uongo. Usipime pia ukiwa na homa kali au umetoka upasuaji juzi, kwa sababu mwili unapopambana na ugonjwa au jeraha namba hushuka kwa muda.

Kama namba haikupanda baada ya miezi mitatu, anza na swali rahisi: je, dawa inamezwa kweli, na pamoja na chakula? Kisha uzito, kisha dawa nyingine, zikiwemo olistati na kolestiramini zinazozuia mafuta kufyonzwa. Baada ya hapo ndipo utafute ugonjwa wa utumbo.

Sumu ya vitamini D haitokani na jua, kwa kuwa ngozi yenyewe huvunja ziada. Hutokana na vidonge na matone, na kinachoumiza ni kalsiamu kupanda: kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, kufunga choo, kuchanganyikiwa. Ukiyaona hayo, acha dawa na upime kalsiamu na figo siku hiyo. Mwenye sakoidosisi (ugonjwa unaoota vinundu kwenye mapafu na viungo vingine), kifua kikuu kilicho hai, au tezi ya parathairoidi iliyozidi kufanya kazi asianze dozi kubwa bila daktari, hata kama namba yake ni ya chini. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, au dawa za kukojosha za kundi la thiazidi pia aseme mapema. Na kalsitrioli au alfakalsidoli si vitamini D ya kawaida iliyobadilishwa jina. Hizo ni maumbo yenye nguvu ya wagonjwa wa figo na parathairoidi, na kipimo cha 25(OH)D hakizioni kabisa.

Kwa watoto wachanga, dozi ni IU 400 kwa siku katika mwaka wa kwanza, na hatari yao ni kifaa cha kupimia. Kuna chupa yenye IU 400 katika mililita 1, na kuna nyingine yenye IU 400 katika tone 1. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa sababu bomba za kudondoshea zilizokuja na baadhi ya chupa zingeweza kubeba dozi kubwa kuliko mtoto anavyohitaji. Soma chupa uliyo nayo leo, hata kama ulitumia vitamini ya aina hiyo kwa mtoto wa kwanza. Bomba likipotea, usikadirie kwa kijiko cha chai. Kijiko hicho hubeba mililita 5, na kwa chupa yenye IU 10,000 kila mililita, mtoto angemeza IU 50,000, dozi ya wiki nzima ya mtu mzima mwenye upungufu.