Chuma cha damu yako kimelizidi Jua umri

Wanafunzi wangu wa Kisumu wananiambia kila mara ati nyota ni za fizikia, seli ni za baiolojia, hazijuani. Zinajuana sana tu! Leo hebu tushike kitu kimoja, chuma.

Mtu mzima ana chuma kama gramu 3 au 4 hivi mwilini, na karibu theluthi mbili yake iko kwenye himoglobini, ile inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Molekuli moja ya himoglobini ina atomu 4 za chuma. Seli nyekundu ya damu ikikomaa inatoa kiini chake nje kabisa (hii inakujanga kwa mtihani, shika) ndio ibaki na nafasi kubwa ya himoglobini, halafu inaishi kama siku 120, ikizeeka wengu na ini zinaivunja, chuma kinarudishwa kwa uboho kitumike tena. Mwili unakitunza hivyo manake hauwezi kukitengeneza.

Sasa nani anakitengeneza? Nyota. Jua letu linaunganisha haidrojeni inakuwa heliamu, ndio tunapata mwanga, lakini kwa kazi ya chuma Jua ni dogo. Inatakiwa nyota nzito mara 8 kuliko Jua ama zaidi, hiyo inaendelea mpaka kaboni, oksijeni, silikoni, ikifika chuma inakwama, kwa sababu kuunganisha chuma hakutoi nishati tena, kunaila. Kitovu kinaporomoka kwa muda usiofika hata sekunde moja na nyota inalipuka. Kuna pia masalio ya nyota ndogo zilizokufa, nayo yakilipuka yanamwaga chuma kingi sana. Vumbi la milipuko kama hiyo ndilo lilichanganyika kwenye wingu lililozaa Jua na dunia yetu, kama miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Lakini mahali panaponigusa mimi kabisa ni malaria, na huku kando ya ziwa nani hajaugua. Kimelea akiingia kwenye seli nyekundu anakula himoglobini, anataka ile protini, lakini kile kipande chenye chuma, kinaitwa himu, ni sumu kwake, kwa hivyo anakigandisha kuwa fuwele. Hivyo vidoa vya kahawia iliyokolea mtu wa lebu anaviona kwa maikroskopu ndivyo hizo fuwele, yaani chuma cha nyota kabisa.

Na tembe za AL za kutibu malaria tunazopewa hospitalini, moja ya dawa zilizomo imetokana na artemisinini, iliyogunduliwa China miaka ya 1970, na mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, akapewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Dawa hii inaamshwa na chuma cha himu. Kimelea akishavunja himoglobini chuma kinakuwa wazi, dawa ikikutana nacho inapasuka na kuanza kuharibu protini za kimelea mwenyewe, huko huko ndani ya seli alikojificha.