Siku yangu na herufi S, Mbeya

Saa 11 alfajiri. Julai ya Mbeya haina masihara, nakaa mezani na koti. Saa hizi intaneti ina kasi, ndiyo maana faili la mifuatano ya protini kutoka UniProt, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za protini, nalishusha kabla watu hawajaamka.

Saa 1. Chai na viazi vya kuchemsha. Mama mwenye nyumba anauliza kazi yangu hasa ni nini. Namwambia protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20, kila moja na herufi yake. Mnyororo ukishajengwa, seli huubandika vitu: sukari, asetili, na mara nyingi fosfeti. Fosfeti ikikaa, protini inaweza kuamka au kulala. Fischer na Krebs walipata Nobeli mwaka 1992 kwa kuonyesha hivyo. Kwetu sisi na mimea hukaa zaidi kwenye serini, threonini na tairosini, yaani S, T na Y. Mimi naifundisha kompyuta ibashiri ni S ipi inayobandikwa fosfeti.

"Na hizo S mnaziuza bei gani, mwanangu?"

Saa 3. Iyunga, kwa daladala. Kila S naikata pamoja na herufi 15 za kila upande. Kisha kazi inayokula asubuhi nzima: kuondoa protini zinazofanana mno. Ndugu wa protini moja wakiwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani pia, modeli, yaani programu inayojifunza kubashiri, inakariri tu, halafu tunaisifu.

Saa 7. Wali maharage. Mwenzangu kaja anacheka, modeli yake imepata usahihi wa asilimia 95. Namuuliza, kwenye S 100, zenye fosfeti ni ngapi? Tano. Basi hata modeli inayojibu "hapana" kila mara ingepata 95 hiyo hiyo! Kwa kipimo cha Matthews, kinachopima "ndiyo" na "hapana" kwa pamoja, huyo mvivu huambulia sifuri. Wali wake ukapoa.

Tena hizo "hapana" zenyewe zina utata. S isiyo na rekodi ya fosfeti huenda hakuna aliyewahi kuipima, au ilipimwa wakati fosfeti imeshabanduliwa. Binadamu, panya na hamira wamepimwa sana. Mpunga, ambao mimi ndio naufuatilia kwa ajili ya Kyela na Mbarali, umepimwa kidogo. Kwa hiyo zangu naziita "haijulikani", hata kama wahakiki wa makala yangu watanuna.

Saa 10. Modeli inakimbia kwenye kompyuta ya kukodi mtandaoni. Nasubiri.

Saa 1 usiku. Nimepitia Mwanjelwa kuchukua maparachichi. Matokeo yametoka. Naandaa orodha ya rafiki yangu wa maabara, ambaye atatafuta ongezeko la daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) karibu 80, uzito unaoongezwa na fosfeti moja. Juu nimeweka zile S ambazo modeli mbili tofauti zimekubaliana. Zinazobishaniwa haziendi, vipimo vya maabara ni ghali.