Nilivyopata kazi ya kurusha ndege za misaada nje, kutokea Tanga

Naandika hii mara moja ili nisiwe narudia, maana tangu nimerudi likizo kila nikikaa barazani Ngamiani, Barabara ya Nane, lazima kijana mmoja anivute pembeni, kaka nasikia unarusha ndege za UN Sudani Kusini, uliingiaje, unamjua nani? Simjui mtu. Mlango nilioingilia uko wazi kwa rubani yeyote mwenye masaa yake ya kuruka, ila wanaotushauri wanatuelekeza mlango ambao haupo.

Ushauri wenyewe ni huu: "Peleka CV UN." Kila mtu aliniambia hivyo. Jirani yetu Chumbageni, mzee mstaafu wa bandari ambaye namheshimu mno, alinishika mkono akaniambia mwanangu, kazi za ndege nyeupe ziko UN, omba huko huko usichoke. Nikaomba. Nilijaza fomu za mashirika zaidi ya arobaini, usiku baada ya usiku, bando linakata naweka jingine, na hakuna aliyenijibu. Karibu mwaka umekwenda hivyo. Sasa najua kwanini na siwalaumu: hawana kazi ya kunipa. Zile ndege zenye nembo ya bluu ni za UNHAS, huduma ya ndege za misaada ya UN, inaendeshwa na WFP, lile shirika la chakula, lakini WFP haiajiri marubani wa kuzirusha. Inakodi ndege kwa kampuni binafsi, na kampuni ndo inaleta ndege, fundi na rubani, na ndo inayolipa mshahara. Laiti mtu mmoja angeniambia sentensi hiyo ningeokoa mwaka.

Na kwenye mwaka huo huo nikaibiwa. Ilikuja imeili ya watu waliojiita mawakala, wanatafuta marubani wa Caravan, ile ndege ndogo ya propela moja, kwenda Kongo, mshahara mzuri, barua ina nembo na mhuri. Wakanifanyia na usaili wa simu. Mwisho wakasema kabla ya kusafiri lazima nifanye kozi ya usalama ya UN, dola mia nne na kitu, niwatumie wao wanisajili. Nikatuma. Baada ya wiki namba haipatikani. Jama, nisikilizeni: kozi hiyo ipo kweli, inaitwa BSAFE, inafanyika kwenye intaneti na ni BURE. Nilikuja kuifanya mwenyewe jioni moja nimekaa sebuleni kwa mama, nikapata cheti changu, sikulipa hata shilingi. UN haitozi hela hatua yoyote ya kuajiri, na kampuni ya ndege ya kweli inayokutaka kwa kawaida itagharamia yenyewe. Mtu akikwambia tuma hela ya kozi, ya viza, ya "usajili wa rubani", zima simu. Ile hela nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya medikali yangu ya daraja la kwanza, kile cheti cha afya cha rubani, na mpaka leo inaniuma.

Kuhusu leseni na masaa sina mengi. Nilisomea Afrika Kusini, shamba la minazi la marehemu babu kule Pangani likauzwa, nikarudi nikabadilisha leseni TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, nikakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, miaka, Unguja, Pemba, Tanga, mpaka nikawa kapteni wa Caravan kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani. Hayo kila rubani anayajua.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwa kweli najivunia, kwasababu nilikitoa kichwani mwangu mwenyewe.

Jumapili moja nimekaa Raskazone naangalia bahari, nashika simu, napitia picha za viongozi wa mashirika wakishuka kwenye ndege huko Sudani Kusini, Juba na Maban na Pibor. Picha hizi ziko maelfu, kila mgeni akishuka anapigwa picha. Watu wanaangalia mgeni. Mimi nikaanza kuangalia ndege. Nyuma kwenye ubavu karibu na mkia kuna namba ya usajili, na namba ya usajili haijifichi. Ikianza na 5Y ni ya Kenya, 5X Uganda, 5H kwetu, ZS Afrika Kusini, ET Ethiopia. Nikazivuta zile picha mpaka herufi zikasomeka, na kwenye nyingine pembeni ya mlango kuna jina la kampuni limeandikwa kwa maandishi madogo ambayo abiria hana habari nayo. Nikanunua daftari la kurasa mia mbili, nikachora safu: namba, aina ya ndege, picha ilipigwa lini, wapi. Wiki tatu nilifanya kazi hiyo kila nikitoka kazini! Namba nisiyoijua mwenyewe nikiiingiza kwenye intaneti napata wapenda ndege walioipiga picha sehemu nyingine, wameandika na mwenye ndege ni nani.

Nikapata ndege kumi na tisa. Helikopta za Kirusi aina ya Mi-8 nikazifuta, hazinihusu. Dash 8 nikafuta, sina hiyo ndege kwenye leseni. Dornier nikafuta. Zikabaki Caravan, na Caravan zenyewe zikawa za kampuni nne tu, mbili kati yake ziko Nairobi, pale uwanja wa ndege wa Wilson. Yaani kutoka dunia nzima mpaka ofisi mbili ninazoweza kuzifikia kwa basi. Nilisimama pale ufukweni peke yangu nikasema alhamdulillah kwa sauti.

Sikutuma imeili tena. Nikachukua siku nne za likizo, basi la asubuhi kwenda Mombasa kupitia Horohoro, halafu treni ya SGR mpaka Nairobi, nikalala kwa binamu yangu South B. Kwenda na kurudi na kula sidhani kama ilifika laki mbili na nusu. Ofisi ya kwanza walichukua makaratasi yangu wakasema watanipigia, hawakupiga. Ya pili rubani mkuu alikuwa mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaangalia logibuku yangu, lile daftari la masaa ya kuruka, dakika mbili akaniuliza umetoka Tanga na basi, na hukupiga simu kwanza? Nikamwambia mama, nimepiga imeili mwaka mzima, nimeona nije na miguu.

Halafu akaniuliza swali moja: uwanja wa udongo mita 800, joto 38, mafuta ya kwenda na kurudi bila kujaza, utabeba kilo ngapi? Caravan kubwa ya kawaida haitakiwi kuruka ikiwa na uzito wa zaidi ya paundi 8,750, kama kilo 3,969 hivi, na ukitoa uzito wa ndege, watu na mafuta hesabu inabaki nyembamba. Hesabu hiyo kila rubani anaweza. Lakini mi sikuanza na hesabu, nilimuuliza: mvua imenyesha lini mara ya mwisho hapo?

Hapo nikatoa daftari la pili. Hili nilianza kuliandika 2019 baada ya tairi la mbele kuzama kwenye kiwanja kimoja cha mbugani masika, propela ikabaki na nafasi ya kiganja cha mkono kugusa ardhi. Kosa lilikuwa langu, niliona kiwanja kimekauka juu nikaamini. Askari wa wanyamapori aliyekuja kunisaidia kuchimba akanifundisha kitu ambacho darasani sikukisikia: mwambie mtu wa huko apitishe gari kiwanjani mwanzo mpaka mwisho, tairi likiacha mfereji usije. Kama hakuna gari, apige kisigino kwa nguvu, akipige picha kiatu kilivyozama, akutumie. Tangu siku hiyo kila kiwanja cha vumbi nilichotua nimekiandika: urefu niliopima mwenyewe kwa hatua, mteremko uko upande gani, upepo wa mchana, mifugo inapitia wapi, udongo gani na mwezi gani unakuwa uji. Viwanja arobaini na moja, vingine na picha za viatu.

Yule mama alifungua ukurasa mmoja mmoja. Akamwita jamaa wa operesheni kutoka chumba cha pili, "kuja uone hii kitabu." Wakakaa nayo kama nusu saa wananiuliza hiki ni wapi, hapa ulitua saa ngapi. Masaa yangu yalikuwa pungufu kidogo ya waliyotaka na walinieleza wazi, lakini wiki tano baadae kampuni ilishinda tenda mpya, wakahitaji marubani haraka, na simu iliyoita ilikuwa yangu. Hilo nalo mlijue: nafasi zinafunguka mkataba unapoanza, kwahiyo ukikataliwa Machi usifute namba yao, piga tena Juni.

Leseni ya Tanzania peke yake haitoshi kurusha ndege ya 5Y, lazima ithibitishwe na nchi iliyosajili ndege, hiyo iko kwenye Mkataba wa Chicago wa 1944. Nilikaa mtihani wa sheria za anga za Kenya na nikasubiri makaratasi kuliko nilivyotegemea, wekeni akiba ya kula miezi miwili.

Kazi yenyewe ni wiki sita kule, wiki nne nyumbani. Tunaruka wawili. Tunalala kwenye makontena, kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na masika udongo mweusi wa kule unashika tairi kama ubao uliopakwa gundi, kuna vijiji ambavyo miezi kadhaa gari haifiki kabisa, ni ndege au miguu. Safari yangu ya kwanza kama kapteni tulibeba ile siagi ya karanga ya watoto wenye utapiamlo, maboksi sitini. Boksi moja lina pakti 150, na boksi moja kwa makadirio ndo tiba nzima ya mtoto mmoja. Nikawa napakia nahesabu, huyu mmoja, huyu wa pili. Tulizunguka juu mara mbili ng'ombe watolewe kiwanjani, tukatua, na akina mama walikuwa wamekaa chini ya mti mmoja toka alfajiri na watoto wao mgongoni. Nimerusha watalii miaka sita, wema kabisa, wananipa bahashishi. Siku ile nilijua masaa yangu yote yalikuwa yanakwenda wapi.

Anayependa kuruka kwa njia ya kanisa, MAF, shirika la ndege la Kikristo, wapo tangu 1945, wanafanya kazi nzuri sana, ila jueni rubani wao anatafuta mwenyewe wafadhili wa kumchangia na wanataka mtu wa imani yao, mimi Muislamu haikunihusu. Na anayesema kazi hii ni ya Wazungu namkumbusha kwamba wazo la Flying Doctors, madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF, lilizaliwa hapa hapa chini ya Kilimanjaro miaka ya hamsini.

Mkataba usomeni sehemu ya bima kabla ya sehemu ya mshahara: ukiumia nani anakutoa kule, anakupeleka hospitali ya wapi, na mama yako atalipwa nini. Mimi nilimsomea mama neno kwa neno kabla ya kusaini, alitaka iwe hivyo.

Na logibuku pigeni picha kila ukurasa. Zangu ziko kwenye simu yangu, simu ya mama, na flashi iliyo kabatini kwa dada, ndani ya kopo la biskuti.