Ukuta wa magunia ya pamba

Mimi ni fundi mwashi, mtoto wa kambi ya jeshi hapa Jinja, Uganda, ndiyo maana naandika Kiswahili. Mwaka huu niliitwa kwenye nyumba kongwe upande wa Kamuli. Ilijengwa na Mhindi mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, enzi za reli ya Jinja hadi Namasagali, ile iliyofunguliwa 1912. Mwenye nyumba wa sasa anataka wageni walale humo, na jioni uani ipigwe embaire, marimba makubwa ya Wasoga.

Milango ya mvule ilikuwa bado mizima, baraza pana, vigae vyekundu. Kuta ndizo zilizokuwa zinaoza. Kuna aliyepiga lipu ya simenti juu ya chokaa ya zamani. Tofali lile la kuchoma huvuta maji kutoka ardhini. Chokaa huyaacha yatoke polepole, simenti huyafungia ndani. Ukigonga unasikia uwazi. Ukibandua, tofali linamwagika kama unga wa muhogo.

Tulibandua kwa nyundo ndogo na patasi, wiki tatu nzima. "Fundi, kwa nini tusikodi mashine?" kijana wangu akauliza. Nikamwonyesha tofali alilolipasua kwa pigo moja.

Chumba cha nyuma, chini ya simenti, tukakuta maandishi ya penseli. Tarakimu, safu kwa safu, tusizozijua. Nikamleta mzee mmoja Mgujarati mwenye duka mjini. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: tarehe, magunia, tarehe, magunia. Pamba tupu. Kisha akakaa kwenye ndoo yangu ya mchanga. Mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, yeye alikuwa kijana. Mama yake alifunga mlango wao, akabeba ufunguo mpaka Leicester, Uingereza. Mzee alirudi miaka ya 1990. Ufunguo anao hadi leo.

Mwenye nyumba alitaka kitanda kiegemee ukuta huo, kwa hiyo upigwe lipu. Nilimwambia, bosi, huo siugusi, hata ukinilipa mara mbili. Alinuna siku nne. Kitanda sasa kiko upande wa dirisha.

Jumamosi iliyopita walichimba shimo la embaire, wakalaza migomba, wakapanga magogo juu yake. Vumbi la chumba cha nyuma lilitikisika kwa mlio. Lipu yangu, chokaa iliyolowekwa wiki mbili kwenye pipa, inaishia kiganja kimoja kabla ya tarakimu. Ukingo wake niliulainisha kwa kidole, mwiko niliuweka chini.