Gogo la Mkwaju

"Mama, hili gogo mbona hatulichomi?"

Mwanangu aliniuliza hivyo juzi, kuni zimetuishia na mlenda uko mekoni. Nikamwambia aliache, la babu yake. Akaenda kuokota mabua, mimi nikabaki nimelishika.

Baba alikuwa na trekta ya Massey Ferguson 135, ya silinda 3, iliyotufikia ikiwa kongwe tayari. Kwenye plau haikuwahi kutuangusha. Taabu ilianza 1999, alipoazima tela la kutipia tusombe samadi kupeleka kwenye mitaro ya zabibu, huko Mpunguzi, Dodoma. Jeki ya tela inakunywa oili nyingi, na kwenye 135 oili ya giaboksi ndiyo hiyohiyo ya haidroliki, inayosukuma jeki, pampu imelala humohumo ndani. Pampu yetu ilikuwa imelika. Asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, bodi ya tela ilipanda bila shida. Ikifika saa sita oili imechemka, imekuwa nyepesi kama maji, bodi inapanda nusu na kugoma.

Siku hiyo wingu lilikuwa limefunga na baba alitaka mitaro ijazwe kabla ya mvua. Yeye alikuwa huko mtaroni, mimi juu ya kiti cha trekta nimegeukia nyuma, kaka chini. Bodi ikagoma katikati, samadi imejaa pomoni. Kaka akasema hozi inavuja, nisiguse liva. Akainama na kitambaa chake, akaingia chini ya bodi.

Injini ilikuwa imelemewa, inatetemeka. Nikaogopa itazimika. Nikakanyaga klachi mpaka chini.

Fimbo ya jeki iling'aa. Juu yake palikuwa na mstari wa vumbi la samadi lililoganda kwa oili, mwembamba kama uzi. Nikauona unashuka. Ulikuwa vidole vinne juu ya mdomo wa jeki, ukawa vitatu, ukawa viwili. Hapakuwa na sauti yoyote ya kumshtua mtu. Kaka alikuwa anapiga mluzi huko chini, nami naona kisigino chake tu na katambuga lililokatika mkanda. Nikafungua mdomo, sauti haikuja. Mguu wangu bado uko palepale. Kidole kimoja.

"Kaka, toka! Toka!"

Akachomoka kinyumenyume. Bodi ikakaa juu ya chesi ya tela kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyefunga sanduku la nguo. Kitambaa kilibaki humo, pembe yake nyekundu imening'inia nje.

Baba alikuja mbio, akamshika kaka mabega, akampapasa mikono yote miwili hadi kwenye vidole. Hakumgombeza mtu. Tulishusha samadi kwa machepe hadi giza. Kesho yake alfajiri nilisikia shoka: alikuwa anakata gogo hili. Tangu hapo hadi tela liliporudi kwa mwenyewe, bodi ikipanda gogo linategwa chini yake kwanza kuizuia, ndipo mtu ainame.

Fundi alisema ni sili, zile mpira za kuzuia oili ndani ya jeki, na kila mtu akasema ni sili. Kweli zilikuwa zimekwisha, na bodi ingeweza kushuka siku yoyote. Ila klachi ya trekta ile ina hatua mbili: nusu ya kwanza inakata mwendo, ukiimaliza inakata na pampu. Mpaka dakika ile pampu, hata kwa uchovu wake, ilikuwa inarudishia kilichokuwa kikivuja. Nililielewa hilo miaka kadhaa baadaye, nilipofundishwa kuendesha sawasawa, na nilitetemeka peke yangu. Baba alikwishafariki. Kaka hadi leo ananiita mwokozi wake, mbele ya wageni, na kila akisema hivyo nanyanyuka kwenda kuongeza chai.

Jumamosi anakuja na watoto wake. Akifika hapa hataki kiti, hukaa juu ya gogo hilihili.