Kaunta inafungwa kabla ndege haijaondoka

Jamani kama una ndugu anasafiri kwenda nje naomba usome hii yote. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya ndege kuondoka, na kwa safari nyingi za nje kaunta ya kuchekiini na kupokea mizigo pale eapoti inafungwa lisaa limoja kabla ya hapo. Ukifika imeshafungwa ndege utaiona kwa macho na hutaipanda.

Shangazi yangu alikua anaenda Muscat, binti yake kajifungua na akika, ile shughuli ya Kiislamu ya mtoto mchanga, ilikua kesho yake baada ya safari. Ndege saa kumi na robo jioni, nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, tukatoka saa saba na nusu maana siku ya kawaida muda huo unatosha na unabaki. Siku hiyo mvua toka asubuhi, roli la kontena likazimika katikati ya barabara kabla hujafika makutano ya TAZARA, na barabara ya Mandela ikishaziba kwa maroli ya bandarini hakuna pa kuchomokea. Ile flaiova ya Mfugale iliyofunguliwa 2018 inawabeba wanaotoka mjini na Nyerere Road, sisi wa Mandela tunapita chini kwenye taa. Boda zinapita lakini mama mtu mzima na begi lake kwenye mvua utampakiaje. Dereva wa taksi alipambana sana, Mungu ambariki.

Eapoti, Terminal 3, tumeingia saa tisa na dakika ishirini. Mkanda wa mizigo umesimama, binti wa kaunta anakusanya makaratasi yake.

"Shikamoo mama. Tumeshafunga, majina yameshatumwa."

"Marahaba mwanangu, mbona ndege bado ipo?"

Na kweli ipo, kwenye skrini inasomeka abiria wanaingia. Shangazi kashika begi lake, amelifunga kipande cha kanga nyekundu mkononi ili alitambue akifika, ndani nguo za mjukuu na unga wa muhogo. Hakulia, aliniambia tu nimpigie binti yake, yeye hawezi. Akika ameiona kwa video ya wasap.

Mimi nilikua nawaka, mpaka kaka mmoja wa pale akanikalisha akanielewesha. Kaunta ikifungwa ndio wanajumlisha abiria na mizigo, wanapiga hesabu ya uzito na namna ya kuipanga ndege ikae sawa, rubani haondoki bila karatasi hiyo. Na begi lazima likaguliwe, likishaingia halafu mwenyewe asionekane getini linatafutwa na kushushwa, sheria iliyokazwa baada ya ndege ya Pan Am kulipuliwa juu ya Lockerbie mwaka 1988 kwa bomu lililokua kwenye begi ambalo mwenyewe hakupanda. Nilimuelewa. Ila kwanini mtu aliyekuuzia tiketi asikwambie mapema saa ya kaunta kufungwa? Hilo linaniuma mpaka leo, wakala alitwambia tu "msichelewe".

Kinachoumiza zaidi usipotokea ni kwamba mashirika mengi yanafuta na tiketi ya kurudi, sio ya kwenda peke yake. Kwahiyo ukiona foleni imekushika piga simu hapohapo ukiwa barabarani, kabla ndege haijaruka, uombe kubadilishiwa, mara nyingi gharama inakua nafuu kuliko ukipiga imeshaondoka. Kuchekiini kwa simu kunasaidia kama una begi la mkononi tu, mwenye begi la kupima bado anaiwahi kaunta ileile.

Halafu zile ndege za usiku wa manane, tafadhali sana. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:40 maana yake unaenda eapoti tarehe 14 usiku, kwa saa zetu ndege ni saa saba kasoro dakika ishirini. Wapo wanaofika tarehe 15 usiku wameshaaga mtaa mzima, ndege iliondoka usiku uliopita. Wazee wetu wasomeeni tiketi kwa saa za Kiswahili na usiku wenyewe muutaje.

Shangazi alilipa faini na tofauti ya nauli ndio akasafiri. Kama wewe umeachwa na huna mpango wa kusafiri tena, ulizia urudishiwe kodi za uwanja zilizokatwa kwenye tiketi, hata tiketi zisizorudishwa hela mara nyingi hizo unaweza kuzidai, ila uandike mwenyewe maombi maana hakuna atakayekupigia.