Nimerudi Mudete, vijana wako steji

Matatu ilipopita Mamboleo, pembeni mwa Kisumu, ikaanza kupanda kuelekea Kiboswa, niligeuka nikaliona Ziwa Victoria. Miaka saba sikuwa nimeliona. Kisha yakaja mawe ya Maragoli yenye ukubwa wa nyumba, migomba, majani chai, na makanga akidai nauli ambayo kwa hesabu zangu za 2015 ilikuwa wizi mtupu. Nikalipa.

Kwetu ni Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, tangu wamisionari wa Kimarekani walipopiga kambi Kaimosi mwaka 1902. Mtoto wa huku huzaliwa ndani ya kanisa kama anavyozaliwa ndani ya ukoo. Kuamini ni jambo jingine, na mimi niliondoka kwenda Doha, Qatar, bila kuamini chochote.

Huko nilikuwa soja wa geti, saa kumi na mbili kwa siku. Pasipoti zetu mwajiri alizichukua siku tuliyofika. Makanisa ya Doha yamekusanywa ndani ya ua mmoja, Mesaimeer, bila misalaba nje, na watu hujaa Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Mara ya kwanza nilifuata chai. Mluhya mwenzangu aliniambia kuna chai na kuna watu wa Kiswahili, nikapanda basi. Ningependa kuwaambia nilisikia sauti. Sikusikia. Nilirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine, hadi siku moja nikajikuta naomba kabla ya zamu bila kusukumwa na mtu. (Walokole wa Ghana walinishangaa: Mkristo gani huyu asiyebatizwa kwa maji? Niliieleza imani ya Marafiki zaidi kuliko nilivyowahi kuieleza nyumbani.)

Wito wenyewe ulikuja usiku. Kijana wa Bungoma, wiki yake ya pili, alikuwa analia kitanda cha chini yangu, amejifunika blanketi tusimsikie. Ajenti alimwahidi duka la nguo, akakuta jua na geti, na nyumbani babake alikuwa ameshauza kipande cha shamba. Sikuwa na neno la kumwambia. Nilishuka nikaketi sakafuni, tukanyamaza pamoja mpaka alfajiri. Quaker wa zamani waliabudu hivyo hivyo, kwa kunyamaza. Baadaye tukawa wanne, halafu chumba kizima, kila Alhamisi usiku.

Basi nikarudi na mahubiri kumi na mawili daftarini. Wazee wa kanisa wakanikabidhi vijana papo hapo, kwa haraka iliyonitia shaka. Jumapili ya kwanza walikuja wasichana sita na mvulana mmoja, mpiga kinanda. Wengine nilijua walipo.

Nikawafuata steji ya boda. Daftari halikufunguliwa. "Uncle, ajenti wako alikuwa nani?" "Walikukata ngapi?" Tukaanzia hapo. Nawaambia wahakikishe ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, wasome mkataba kabla ya kutoa hata shilingi, na shamba la mzee wasiliguse. Nawaambia kwamba tangu 2021 mshahara wa chini Qatar ni riali 1,000 kwa mwezi, ili anayeahidiwa 800 ajue anaibiwa. Hayo yakiisha ndipo huja maswali mengine, kwa sauti ya chini: ulikuwa unaombaje humo? Ulilewa? Ulitamani kufa? Najibu ukweli, pamoja na yale ambayo hayawezi kusemwa mbele ya kwaya.

Mzee mmoja amenilaumu kwamba nimegeuza huduma kuwa ofisi ya viza. Hajakosea sana. Ila yeye hajawahi kufika steji.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa pale, ambaye kanisani humwoni labda kuwe na mazishi, alipata viza. Alizima pikipiki akaniuliza, "Uncle, ulisema kanisa huko ni Ijumaa, sindio?" Nikamwandikia nyuma ya risiti ya petroli: Mesaimeer. Chini yake nikaweka namba ya yule kijana wa Bungoma. Bado yuko kule, na siku hizi ndiye anayeongoza Alhamisi.